Nusu ya Farasi wa Gastone

Benchi letu liko nje ya baa ya mama Iride, kwenye barabara ya kupandia milimani ukitoka mji wa Faenza, huku kwetu Romagna. Pikipiki ikipita hatuna haja ya kugeuka. Tunasikia injini, tunataja jina la mwenyewe, la baba yake, na kona aliyoangukia. Tuko wanne, wastaafu wote. Learco tunamwita Spidi, kwa sababu maisha yake yote aliendesha trekta. Secondo ni Daktari, maana alikuwa dereva wa daktari wa ng'ombe. Yupo Gastone mwenye nyonga ya chuma, na mimi, ambaye jina langu la utani silisemi mbele za watu. Asubuhi hiyo Gastone hakugusa kahawa yake. Binti yake Ilenia, miaka ishirini na mmoja, alikuwa amepata leseni ya pikipiki, ile ya daraja la kati isiyoruhusu injini ya zaidi ya nguvu za farasi arobaini na saba. Pikipiki nyekundu ya Gastone ina farasi tisini na wawili. Ama ipelekwe kwa fundi Tarcisio ikapunguzwe nguvu, ama saa sita mchana binti aende mjini akanunue nyingine, na ile nyekundu ibaki chini ya shuka lake. Funguo zilikuwa mfukoni mwa baba.

— Kuipunguza nguvu! — Gastone akasema. — Si bora nimkate jogoo koo halafu nimwambie awike?

— Hakatwi mtu, — nikamjibu. — Tarcisio anaweka kichuma kidogo tu, resi isifunguke yote. Baada ya miaka miwili mtoto akifaulu mtihani wa pili, kinatolewa.

— Kidogo tu! — Spidi akadakia. — Na hao farasi arobaini na watano wanaobaki, watalala wapi? Si wamo humo humo ndani? Wanakula petroli ya bure, kazi hawafanyi!

— Spidi, acha hizo.

— Niache nini? Siku kichuma kikitoka, wote wanatoka kwa mpigo. Mtoto anajikuta Firenze na kahawa bado iko mdomoni!

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, kama kawaida yake akitaka kuongea upuuzi.

— Shida si farasi, jamani. Shida ni kuvimbiwa. Injini ukiibana huku mbele, hewa inarudi nyuma. Kule Modigliana nilimwona ng'ombe kavimba hadi akatobolewa ubavuni.

— Sasa pikipiki utaitoboa wapi, wewe?

— Pana mahali, — Daktari akanong'ona. — Lakini si pa kutajwa hadharani.

— Mnajisumbua bure, — Spidi akasema, na sasa alikuwa amesimama. — Hii ni njama! Huko Brussels wakubwa wa Ulaya walikaa kikao, wakaulizana: hawa watoto wa Romagna mbona wanazaliwa wameshika resi? Tukiwaachia, makombe yote ya mbio wanabeba wao. Basi wafungwe wangali wadogo!

Hapo hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Mtu akikusifia kwenu, humkatizi.

Gastone hakucheka.

— Mimi naogopa itasahau, — akasema taratibu. — Miaka miwili inatembea nusu nusu. Ikifunguliwa haitajijua tena. Ninyi wenyewe mnaijua sauti yake.

Tunaijua, tena sana. Tangu apasuliwe nyonga hajaipanda, lakini kila Jumapili anaiwasha gerejini, na sisi tunasimama mlangoni tumevua kofia. Mungu anisamehe, kanisani sijawahi kutulia hivyo. Ila uoga ule ulinipandisha hasira.

— Gastone, umesahau siku ya mtihani wa mtoto? Si tulikuwa wote pale kwenye uzio, mikono nyuma? Wale vijana wawili waliomtangulia, wenye mabega kama makabati, walipiga resi, zile koni za plastiki za kuzungukwa zikaruka kama kuku. Akaja Ilenia. Polepole, jamani, polepole, mpaka nikasema sasa anaanguka. Mguu haukugusa chini! Ulilia wewe, ukasingizia vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha.

— Yule mtoto ni balaa, — Spidi akakiri, akakaa. — Alipita zile koni kama anapita jikoni kwao.

— Mimi sijapata kuona, — Daktari akasema. — Na nimeona mengi.

Mara Ilenia mwenyewe akatokea, helmeti mkononi.

— Habari za asubuhi, wazee. Baba, Tarcisio ananisubiri. Nataka hiyo yako, unajua. Lakini kama hutaki, niambie sasa hivi, niende mjini. Sitakulaumu.

Gastone akaingiza mkono mfukoni. Mkono haukutoka. Sote tukaangalia barabara.

Wakati huo Carmelina, mhudumu mpya wa baa aliyetoka kusini wiki ile, alikuwa anakusanya vikombe. Alikuwa amesikia kila kitu.

— Samahanini, wazee wangu, — akauliza. — Na ninyi mlipofanya huo mtihani wa koni, nani aliangusha?

Leseni zetu ni za gari, za kabla ya mwaka themanini na sita. Enzi hizo ukipata ya gari, serikali inakupa na pikipiki humo humo, hata ya farasi mia mbili, bila kukuuliza kama unajua kuikalia. Koni tumeziona siku ile tu, tena kwa nje ya uzio. Daktari alipata kikohozi. Spidi akaanza kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Gastone akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha binti yake, akakifunga kiganja kwa mikono yake yote miwili.

— Mwambie Tarcisio aibane sawasawa. Asizidi hata farasi mmoja.

— Baba…

— Ngoja kwanza. Jumapili, pikipiki ikirudi kutoka kwa Tarcisio… Utanipakia?

Ilenia akazitia funguo mfukoni mwake.

— Utanishika kiuno, na hutanifundisha kukata kona?

— Nitajitahidi.

— Ukifungua mdomo tu nakushusha stesheni ya Brisighella, urudi kwa treni.

— Sitaongea, mwanangu, — Gastone akasema. — Sitaongea.