Jumatano Kumi na Moja za Ombi la Kimya

Raelynn binti yangu, na wewe Silas ambaye kwa sasa unaelewa maziwa tu, kaeni karibu mnisikilize, maana nina nusu saa mkononi na maneno ya maisha mazima, na nesi amesema akirudi atanipa dawa ya kutuliza, na baada ya hapo ulimi wangu utakuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kwa hiyo nakimbia. Nikiruka jambo nitalirudia. Nikicheka msishangae, tangu juzi nacheka na kuogopa kwa pamoja, hata sijui tena kipi ni kipi.

Saa nne watanifungua kifua. Watausimamisha moyo wangu, mashine itafanya kazi yake kwa muda, watatoa vali iliyochakaa na kuweka nyingine. Daktari amesema wengi hurudi salama. Hakusema wote, nami nilimsikiliza vizuri. Naongea kwenye simu ya Wendell, baba yenu; mwenyewe nimemtuma akanywe kahawa, ingawa ameshakunywa vikombe vitatu, kwa sababu akikaa hapa nitalia, naye atalia, na hakuna kitakachosemwa. Nikitoka huko ndani nitaifuta rekodi hii kwa kidole changu mwenyewe, na hamtajua kamwe kwamba mama yenu alitetemeka hivi. Mkiisikia, basi sikutoka. Na kama sikutoka, nina neno moja lazima mlipate kutoka kinywani mwangu kabla hamjalipata lililopinda kutoka kwa mtu mwingine.

Ngojeni, vitu kwanza, niviondoe kichwani. Kikaango cha chuma cha mama yangu ni cha Raelynn, na kisiguswe na sabuni hata siku moja, hata Bibi Oma, mama yake baba yenu, akikuambia nini. Mbegu za maharage ziko kwenye chupa ndani ya friza, chini ya nyama ya kulungu. Hizo ni za Silas. Hazijawahi kutoka dukani, zimepita mikononi mwa wanawake wanne kabla yangu, na kila mwaka mnapanda nusu, nusu nyingine inalala, ndivyo zilivyopona mwaka ule mto ulipopanda ukabeba bustani zote za bondeni. Halafu juu ya kabati kuna bakuli saba za watu, walimotuletea chakula Silas alipozaliwa. Kila moja ina utepe chini wenye jina la mwenyewe, na mimi nimezikalia miezi mitano kama mwizi. Zirudishwe. Ile ya bluu ni ya Mama Delphia Combs. Hiyo, Raelynn, umpelekee wewe, kwa mikono yako, ukae naye kidogo ndipo uondoke. Sikilizeni sasa kwa nini.

Mama yangu alikufa nikiwa na miaka tisa. Kanisa zima lilimwombea, walifunga, walikuja nyumbani kwa zamu, na bado akafa siku ya Jumanne mchana, nguo zikiwa kwenye kamba. Siku ya mazishi nilikuwa jikoni kwa kanisa, nimeshika sahani ya keki nisiyoitaka, Mama Delphia akapita, akanishika kidevu, akasema, "Pole, mwanangu. Tungekuwa na imani ya kutosha angekuwa hapa." Akaenda zake kukata keki. Mimi nikabaki na lile neno. Nilikuwa nimeomba kila siku kwa ajili ya mama, isipokuwa siku moja niliyosahau kwa sababu ya mbwa wa jirani aliyezaa. Kwa hiyo nikajua ni mimi. Miaka kumi na minane nimejua kwamba ni mimi. Sikumwambia mtu. Niliendelea kwenda kanisani, nikaimba, nikabatizwa mtoni, lakini kila nilipopiga magoti nilimwendea Mungu kama unavyomwendea mwalimu aliyekwisha kukufelisha.

Sasa hapo ndipo Silas akaja, na baada yake pumzi yangu ikaanza kukatika kwenye ngazi, kisha nikioga, kisha nikifunga tu viatu. Nilikwenda kwa daktari nikisema nampeleka mtoto chanjo. Aliponiambia ni vali, na kwamba ningechelewa ingenimaliza, jambo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, halikuwa nyinyi. Niliwaza kwamba wataniombea, na nikifa, kuna mtu atamshika Raelynn kidevu.

Mnajua Jumatano zetu zilivyo. Mchungaji Arless anauliza nani ana ombi, watu wanataja magoti yao na watoto wao na mbuzi zao, na ukiwa na jambo usilotaka kulitaja unanyoosha mkono, unasema "ombi la kimya," naye anaandika alama tu kwenye karatasi, na hakuna anayeruhusiwa kukuuliza. Mimi nilinyoosha mkono Jumatano kumi na moja mfululizo. Nilijiona nina akili sana. Nitaombewa, na hakuna atakayejua nimeombewa nini, kwa hiyo hakuna atakayeipima imani ya mtu.

Kuuliza hawaruhusiwi. Kukisia je?

Mama Delphia hukaa benchi la nyuma yangu, na alikuwa ameliona pikapu la baba yenu Jumamosi tatu mbele ya nyumba ya Krista Sizemore, aliyekuwa mchumba wake zamani. Baba yenu alikuwa akiziba paa la mzee wa Krista, na yule mzee kwa kiburi chake alimwapisha asimwambie mtu zaidi yangu kwamba nyumba inavuja. Basi wanawake wakajumlisha. Mkono wangu huku, pikapu kule. Ilipofika Jumatano ya sita Mama Delphia alikuwa akiomba kwa sauti nyuma ya shingo yangu kwamba Bwana amkumbuke mtu fulani, ambaye jina lake hatulitaji, amtoboe matairi kwa upendo. Nami nikaitikia amina. Sikuelewa lolote. Nilidhani anamwombea mpwa wake.

Jumatano ya kumi ikapita, na Jumamosi yake Shemasi Hobert akamchukua baba yenu kwenda kuvua. Wakakaa mtumbwini saa nne nzima bila kushika kitu, maana Hobert hakunyamaza. Alimsimulia habari za Mfalme Daudi na mke wa mtu mara mbili, ya pili kwa kirefu zaidi. Baba yenu akarudi nyumbani, akasimama mlangoni na ndoano zake, mweupe usoni, akaniuliza, "Tamsey, hivi mimi natembea na nani? Maana naona kanisa zima linajua isipokuwa mimi."

Nikacheka. Wanangu, nilicheka mpaka nikashika meza, kisha kicheko kikaisha na pumzi haikurudi. Nilikuwa nimefungua mdomo na hakuna kinachoingia. Aliiona midomo yangu ikibadilika rangi. Aliponikalisha na kunipepea kwa kofia yake, nilipoweza kusema, nikamwambia yote palepale sakafuni: vali, daktari, chanjo za uongo. Hakunigombeza. Alikaa na matope yake ya ziwani, akasema polepole, "Watu wote hawa umewanyooshea mkono. Mimi umeniacha nakusimulia habari za paa." Jumatatu alipiga simu hospitalini yeye mwenyewe, wakatupa Ijumaa. Yaani leo.

Jumatano ile ya juzi, ndiyo ya kumi na moja, nilikuwa nimeshazoea mno mkono wangu, ukapanda wenyewe. "Ombi la kimya," nikasema, na Mchungaji akaanza kuandika alama yake. Baba yenu hakunisukuma. Alinitazama tu. Nikasimama. Nikasema, "Hapana, Mchungaji, lifute hilo. Ni moyo wangu. Keshokutwa wananipasua. Naogopa."

Nyuma yangu Mama Delphia, kwa sauti ndogo ya mtu aliyepotea njia: "Kwa hiyo si Wendell?" Na baba yenu akageuka kwenye benchi, taratibu, akamtazama Shemasi Hobert, na Hobert akaanza kutafuta kitu chini ya kiti. Kanisa likaangua kicheko, watu wenye machozi tayari machoni, mpaka Mchungaji akajifuta na kuniita mbele.

Wakaniombea jinsi tunavyoomba sisi, wote kwa mara moja, kila mtu na lake, sauti juu ya sauti kama kiwanda cha mbao kikiwashwa. Mchungaji akatafuta mafuta ya upako, chupa ikawa kavu. Akamtuma Bibi Oma jikoni, naye Bibi Oma, ambaye tangu harusi yangu hajawahi kuniharakishia chochote, alikimbia. Alirudi na mafuta yaliyobaki ya kukaangia kambare wa karamu ya kanisa ya Jumamosi. Akasema, "Bwana anajua ni mafuta." Nikapakwa kwenye paji la uso, na baada ya kuona kwamba ni mengi, kichwani. Jana nesi alipokuja kunipima aliniuliza kwa adabu kama tulikula samaki njiani.

Na hapo, nikiwa na mafuta yananitiririka sikioni, sikusikia sauti wala sikuona nuru. Msije mkaambiwa niliona. Niliona tu kwamba jambo lile limetoka mikononi mwangu. Miaka yote nilidhani kumtumaini Mungu ni kukaa wima na kutoomboleza, na nyumbani nilikuwa nikisimama mbele ya mashine ya kufua inayonguruma, nikisema maombi ya kistaarabu, mapenzi yako yatimizwe, huku ndani nikipiga mayowe. Yeye alikuwa akiyasikia mayowe. Ni mimi niliyekuwa nayaficha.

Baadaye, penye makoti, nilimwendea Mama Delphia. Nikamwambia lile neno alilonipa jikoni nikiwa mtoto. Akakaa juu ya makoti ya watu. Akasema, "Mwaka ule mume wangu alikuwa akifa kwa mapafu yaliyojaa vumbi la mgodi. Hilo neno nilikuwa najiambia mwenyewe kila asubuhi, nikidhani ninayo imani ya kutosha kumponya. Akafa mwezi wa tatu. Neno sikulisahau, mwanangu. Nilisahau niliyempa." Kisha akaniomba msamaha, na nikamwambia, Mama Delphia, ngoja kwanza nipumue. Alingoja. Jana alitufuata saa tatu za barabara ya milima kwa gari lake lenye taa moja tu, na yupo hapo nje na kopo la biskuti nisizoruhusiwa kula. Leo saa moja asubuhi nimemwita ndani, nikamsamehe. Bado inauma kidogo. Samehe hivyohivyo ikiuma, Raelynn, usingoje ipoe.

Neno lenyewe basi. Mtu yeyote akiwaambia mama yenu alikufa kwa sababu hatukuomba vya kutosha, au kwa sababu ninyi siku moja mlisahau, ondokeni mbele yake, hata kama ameshika Biblia. Niliombewa. Niliombewa mpaka nikanuka samaki. Hakuna ombi lililopotea. Sijui Mungu atajibu nini leo, na hilo ndilo sikuwahi kuthubutu kulisema: sijui, na bado najitupa kwake, kwa kuwa nimejaribu kujishika mwenyewe na nimechoka. Mkimkasirikia, mkasirikieni usoni. Mwambieni. Msimwachie ombi la kimya. Alama kwenye karatasi ni kwa ajili ya watu. Yeye hatumii karatasi.

Nesi huyo. Ndiyo, dada, nakuona. Dakika mbili.

Ameshaiweka kwenye mrija, anasema ni baridi kidogo mkononi, na kweli. Haya. Raelynn, usiwe mama wa Silas, wewe ni dada yake, ucheze. Wendell, ukija kusikia hii, ukipata mwanamke mwema umuoe, nami nitamwonea wivu huko huko, usijali. Mzee Sizemore paa lake umalizie. Bibi Oma alee watoto apendavyo, ila kikaango... nimeshasema kikaango. Msinizike na viatu, sipendi viatu. Imbeni kwa kasi. Msiimbe polepole kama watu waliochoka.

Kuna kitu. Ngoja, kinakimbia. Juzi nilitaja moyo, nikasema naogopa, lakini lile lenyewe sikulisema. Hata mbele ya mafuta sikulisema, nilikuwa na aibu, nilidhani ni kumpangia Mungu.

Bwana, nataka kuishi. Mimi Tamsey. Nataka kurudi nyumbani. Nataka kuliona jino la Silas, moja tu la kwanza, halafu nitaomba la pili, unanijua. Nataka Raelynn anichukie akiwa na miaka kumi na minne kama watoto wote. Nataka. Ndiyo hilo. Ukisema hapana nitalia mbele yako, lakini nitakuwa mbele yako.

Oh, ni kama maji ya moto mpaka masikioni. Wanangu, Mungu awafunike. Awape watu wa kuwacheka na kuwabeba. Awape pumzi ndefu kwenye ngazi zote. Mkilia awe hapo, mkicheka awe hapo... Raelynn mkono wako uwe juu ya mdogo wako, hivyo. Awabariki mkiingia... mkitoka...

Baba yenu yuko mlangoni. Amemwaga kahawa yote. Njoo, Wendell, nasali. Nilikuwa nasali na watoto. Sijui kama nimesema amina. Kama sijasema, semeni ninyi.