Mjomba Brashi, Mtu wa Mitaa Miwili

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mpwa wake, mwenye digrii moja na nafasi tele, niwasomee maisha ya marehemu mjomba wetu, mliyezoea kumwita Brashi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitinda mimba wa fundi cherehani, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akajifunza kuandika mabango ya maduka, kazi aliyoishika hadi mkono ulipogoma.

Tarehe 4 Juni 1983 alifunga ndoa na muuguzi, aliyemtangulia mwaka 1999, hawakujaliwa mtoto, na tangu hapo mjomba alipika chai ya watu wawili, akanywa yote.

Mwaka 2003, mlipokwisha kuchomeana vibanda, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, alianzisha kikundi cha maigizo kwenye ghala la mbao lililo mpakani mwa mitaa yote miwili, kwa sharti kwamba wa Juu amwigize wa Chini, na wa Chini amwigize wa Juu, na mle ndani asiulizwe mtu kwao wapi, naye mwenyewe hakusema. Mlianza kwa kejeli, hadi muuza mkaa wa Chini alipomwambia kinyozi wa Juu aliyekuwa akimwigiza, "Baba, mimi sitembei kama bata, nina goti bovu," kinyozi akaliigiza goti, na kejeli ikaishia hapo. Baadaye mlioana, mkazikana, waheshimiwa wakaja na kamera, wakaiita social cohesion, yaani mshikamano wa jamii, wakala, wakaondoka.

Januari 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasikiliza mazoezi yenu kupitia dirisha la chumba chake, nyuma ya ghala, akiwasahihisha kwa sauti, wala hakuna aliyeingia kumwona, kwa kuwa wa Juu mlijua wa Chini wanamuuguza, wa Chini mkajua hivyo hivyo kwa wa Juu. Nilipowauliza, jibu lilikuwa moja pande zote: "Kwani hana watu wake?"

Alifariki tarehe 17 Agosti 2023, hospitalini, saa ya kuona wagonjwa.

Tunamshukuru daktari aliyekaa naye, waandishi wenzake wa mabango, na ninyi majirani, ambao tangu jana mnanivuta pembeni, kila upande kwa zamu yake, mkitaka kujua marehemu ni wa wapi, ili ijulikane nani achimbe kaburi. Familia inajua, na haitasema. Majembe yako pale, chimbeni wote.

Mjomba, pumzika kwa amani, watu wako wamefika.