Bisibisi ya Mahmudu Inapanda Ndege

Kijiwe chetu cha Nyamugari, hapa Gitega, hakina jina, kina benchi. Benchi lenyewe ni fupi, limeegemea ukuta wa kibanda cha Mahmudu, fundi cherehani, na anayechelewa anajitafutia pa kukaa. Siku hiyo, baada ya swala ya alasiri, aliyechelewa alikuwa Kastori, akakalia valizi. Ilikuwa valizi ya Mahmudu mwenyewe, sanduku kubwa la kijivu, limezungushwa kamba ya katani, maana kesho yake mzee alikuwa anapanda ndege Bujumbura kwenda Muscat kwa binti yake Layla. Layla ameolewa huko, na anashona nguo za wanawake kwa cherehani nyeusi aliyopewa na baba yake siku ya harusi. Sasa cherehani imekataa kushona, Idi inakaribia, na kila fundi wa kule anayeiona anamwambia akanunue mpya. Layla akalia kwenye simu, mumewe akatuma tiketi. Mimi nashona viatu mlango wa pili, wananiita Soli, na nasema mapema kwamba siku hiyo sote tulikuwa watu wa ovyo.

Mahmudu alikuwa ametandaza kitambaa magotini. Juu yake aliweka bisibisi mbili ndogo, koleo, na tochi. Bisibisi moja ncha yake ilinolewa na marehemu baba yake ili iingie kwenye skrubu moja tu, iliyojificha ndani ya cherehani za zamani. Haiuzwi dukani, wala Gitega wala Muscat. Tochi nayo ina alama za meno, kwa sababu mzee huishika mdomoni mikono yake ikiwa kazini.

— Hii vitu nitapita nayo namna gani? akauliza. Mutu wa tiketi amesema, chuma ndani ya mufuko ya mukono iko tatizo. Iko mashini inaangalia mufuko. Ikiona turnevisi, hii bisibisi, wanakamata, wanatupa ndani ya ndoo.

— Si ungetia kwa valizi? nikasema bila kufikiri.

— Valizi imejaa, akajibu Mahmudu, macho chini.

— Imejaa, akasema Abubakari haraka.

— Imejaa kabisa, akasema Kastori, akajiweka vizuri juu yake.

Tukaliacha hilo.

Abubakari tunamwita Bariyeri. Alibeba mizigo ya watu kwenye bariyeri ya Kobero, mpakani na Tanzania, mpaka mgongo ukamshinda, na tangu hapo hakuna mpaka duniani asioujua.

— Bon, akaanza. Mpaka ni mpaka, hata ikuwe ya hewani. Kwanza unasalimia. Unauliza afisa: na mama, amepona? Mutu akiulizwa juu ya mama yake, anasahau mufuko.

— Na kama mama yake alikufa? nikauliza.

— Unamupa pole. Hapo hata zipu hagusi.

Fatouma, mwenye termosi ya kahawa, akacheka mpaka akamwaga.

— We Bariyeri, ile si mutu, ni mashini! Mashini iko na mama?

— Alors, dawa ya moto ni moto, akasema Abubakari, bila hata kuyumba. Ile mashini inaona na mwanga, siyo? Basi Mahmudu anawasha tochi ndani ya mufuko. Mwanga na mwanga zinapigana, mashini inakuwa kipofu, turnevisi inapita nyuma polepole.

— Hapana, Abubakari, hapo umekosea, akasema Kastori.

Kastori alikulia Tabora, ukimbizini, akarudi mtu mzima kulima kwao Bukirasazi. Siku akileta maparachichi mjini lazima apite kijiweni. Tunamwita Mtabora. Kiswahili chake kimenyooka hata pale anapopotea.

— Mashine ile haitumii mwanga. Inatafuta mifupa. Mimi nilipigwa picha ya kifua kule Tabora, daktari akazihesabu mbavu zangu zote na shati nimevaa. Sasa mzee, bisibisi ni nyembamba kama mfupa. Ifunge mkononi, halafu juu yake bandeji. Wataona mkono una mfupa mmoja zaidi, watadhani Warundi ndivyo tulivyoumbwa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki anaingia wapi hapo? nikamuuliza.

— Anaingia kwenye mifupa.

— Na hii pensi? akauliza Mahmudu, akiinua koleo. Maskini, alikuwa anasikiliza kwa makini kweli.

— Hiyo utasema ni bega.

Fatouma akatujazia vikombe, akaketi juu ya kidumu chake cha maji, dalili kwamba na yeye ana neno.

— Nyinyi hamujui hata juu ya nini wanaogopa turnevisi. Mi najua. Ndege imefungwa na visi, zile skrubu, toka pua mpaka mukia. Mutu akichoka kukaa mule ndani, akiwa na turnevisi, anafungua dirisha apate hewa.

— Na akishafungua? nikauliza.

— Baridi inaingia, watoto wanakohoa. We ungekubali?

— Voilà! Abubakari akapiga paja. Na hapo ndiyo dawa yenyewe iko. Ile visi siku moja inalegea kule juu. Wanauliza: nani hapa ni fundi? Kumbe fundi wanamuhitaji! Mahmudu, we kesho fika mulangoni, kifua mbele, useme: mi ni fundi ya ndege.

— Ya cherehani, akasema Mahmudu.

— Cherehani iko na gurudumu, inakunywa mafuta, inafanya trrrr. Ndege iko na nini ya zaidi?

— Mabawa, akasema Kastori.

— Bawa ni kitambaa ya chuma! Mutu anashona kanzu atashindwa bawa?

Tukacheka mpaka wapita njia wakageuka. Mahmudu peke yake hakucheka. Alikuwa anaifuta ile bisibisi ya baba yake kwa kidole gumba, anaifuta mahali palipokwisha kung'aa zamani.

— Wakinikamata hii, akasema, naenda kule kufanya nini? Nitakaa mbele ya mwana wangu mikono mitupu, nimuangalie analia? Nimetoka Gitega mpaka Muscat kwenda kuangalia mutu analia?

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Ningeweza kuweka kikombe chini na kufikiri kidogo. Lakini kijiwe hakijui kunyamaza, na Kastori alikuwa ameshavuta pumzi.

— Basi usifiche, mzee. Zitungie uzi uzivae shingoni, waone wazi. Mficha uchi hazai.

— Kastori! akafoka Fatouma. Iko wanawake hapa!

Na kweli walikuwa wawili. Mwanamke mgeni alikuwa amesimama kando yetu, ametua kikapu, anasubiri tumalize upuuzi. Alijitambulisha kwa jina la Upendo, mshonaji kutoka Muyinga. Cherehani yake ilikuwa inaruka mishono, akasikia kwamba fundi Mahmudu anaondoka, akakimbilia basi la asubuhi na kichwa cha cherehani ndani ya kikapu.

Mahmudu hakumwacha hata akae. Alikiweka kichwa mezani, akang'ata tochi, akainama, na ile bisibisi ya baba yake ikazama ndani tukasikia tu skrubu ikiitika. Fatouma akampa mgeni kikombe. Abubakari akamweleza habari yote: safari, mashini, bandeji, mabawa. Upendo alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akageukia valizi.

— Na hii baba ameikalia, akauliza, ndani iko nini?

Kastori akasogeza ndala zake. Fatouma akajaza kikombe kilichokuwa kimejaa. Mimi nikaona soli fulani mbali huko inayohitaji kutazamwa.

— Ni nguo ya mzee? akauliza tena.

— Penye wengi hapaharibiki neno, akasema Abubakari.

— Baba, sikuuliza methali.

Tukamtazama Mahmudu atuokoe. Yeye ana tochi mdomoni, hawezi kusema. Na hakuitoa.

Ngoja niseme mimi, basi. Ndani kulikuwa na unga wa muhogo wa Kastori, wa mpwa wake Emiliana anayefanya kazi kule. Kulikuwa na maharage ya Abubakari, ya shemeji yake, na dumu la mafuta ya mawese juu yake. Kulikuwa na ndagala wakavu wa Fatouma, wa dada yake, wanaonuka mpaka nje. Na kulikuwa na viatu vyangu, jozi mbili, za binamu ambaye hata hakuniomba. Kwetu mtu akisafiri, mzigo wa jirani haukataliwi. Ukikataa, utaitwa mchoyo kabla ndege haijatua. Mahmudu alipokea kila kimoja kwa mikono miwili, akisema asante, kana kwamba sisi ndio tunampa yeye. Halafu tukakaa juu ya mizigo yetu, tukamfundisha namna ya kugeuza koleo kuwa bega.

Kastori ndiye aliyeinuka kwanza.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema, na ilikuwa methali yake ya kwanza siku hiyo kuangukia mahali pake.

Tukafungua kamba. Ukatoka unga, yakatoka maharage, wakatoka ndagala, vikatoka viatu. Chini kabisa tukakuta mali ya Mahmudu: kanzu moja nyeupe, imekunjwa ndogo ili isitubane.

— Mzee, akasema Abubakari kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, kumbe we huna nguo ingine ndani?

Mahmudu akakaza skrubu ya mwisho, sasa akatoa tochi mdomoni.

— Kule iko joto, akasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tulianza kubeba vitu vyetu turudi navyo makwetu, lakini yeye akatuzuia.

— Oya, oya, hapana. Musitoe yote. Kila mutu arudishe nusu. Wale wa kule wakiuliza, ya kwetu iko wapi, nitajibu nini?

Ikawa nusu kwa nusu. Dumu la mawese likarudi kwa mwenyewe lote, tukakubaliana bila kura. Bisibisi na koleo vikaviringishwa ndani ya kanzu, vikalazwa katikati ya unga na maharage, na valizi ikafungika barabara.

— Na tochi? akauliza Fatouma.

Abubakari akafungua mdomo.

— Nyamaza! tukasema wote.

— Tochi nitaishika mukononi, akasema Mahmudu. Wakiuliza, nitaiwasha waone ni tochi.

Upendo alijaribu cherehani yake kwa kipande cha kitambaa, mshono ukanyooka kama reli. Fatouma akamkamulia tone la mwisho la termosi. Alikunywa, akashukuru, akafunika kikapu, akaaga. Hatua chache, akarudi. Alikuwa anapindapinda ncha ya kitenge chake.

— Mzee, samahani. Mi pia niko na dada Muscat. Kamzigo kadogo tu.

Akatoa karanga za Muyinga chini ya kikapu. Kamzigo kenyewe kalihitaji mikono miwili.

— Apana! tukapiga kelele, kijiwe kizima, kwa mara ya kwanza tukiwa na wazo moja.

Mahmudu akatutazama, akaitazama valizi, akamtazama yule binti. Kisha akapiga magoti, akafungua kamba, akatoa kanzu yake, vifaa akavichomeka kwenye maharage. Kanzu akaikung'uta unga, akaivaa pale pale juu ya shati lake la kazi.

— Hii nitasafiri nayo mwilini, akasema. Leta, binti.

Kamba safari hii haikufika, ikabidi Kastori aikalie valizi tena.