Besi Yangu Isishikwe na Owuor

Quincy, zima hiyo redio, na wewe Nasimiyu sogea hapa kitandani niwaone wote wawili, kwa sababu haya nitakayowaambia nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na kama yuko mtu hapa Nakuru anayejua besi gitaa kuliko baba yenu, basi bado hajazaliwa, au amezaliwa na anajificha.

Shamba la Bahati ni lako, Quincy, pamoja na ng'ombe na ule ugomvi wa mpaka na Kang'ethe, ambao nakuomba usiumalize haraka, umenipa raha miaka mingi. Nyumba hii ni ya mama yenu. Lakini besi yangu nampa Nasimiyu, na wajomba wakija na maneno yao kwamba gitaa la baba huenda kwa mtoto wa kiume, waambieni baba alisikiliza vidole vya wote wawili, na vyako, Quincy mwanangu, vinafaa kukamua.

Sasa sikilizeni kinachoniuma kuliko hiki kifua. Jana mlidhani nimesinzia, kumbe namsikia mama yenu jikoni akimwambia Owuor, "Shemeji, siku hiyo utatupigia besi." Na Owuor, bila haya, akajibu, "Mama Quincy, hiyo usijali, nitaipiga mpaka mwenyewe aamke aombe kupokezwa." Mimi bado napumua, chai yangu iko hapa mezani haijapoa, na Owuor ameshajipangia kunizika kwa besi.

Mnamjua Owuor, tumeshindana kwenye harusi na matanga ya mji huu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Vurugu za Januari, zile za baada ya uchaguzi, zilipoteketeza ile baa tuliyokuwa tukipiga, amplifaya yangu iliungua humo ndani, na yake ilikuwa humo humo, kwa hiyo nikajifariji kwamba angalau tumebaki sawa. Kumbe dada yake aliye Uingereza akamtumia pedali, ile wanayoiita priampu, kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia: gitaa unalichomeka upande huu, upande ule unatoa kebo moja kwa moja hadi kwenye mikisa ya ukumbi, ile mashine ya kuchanganyia sauti, na amplifaya hata huikumbuki.

Nilikuwepo Njoro, kwenye harusi ya Chepkemei. Nilianza mimi, nimechomeka gitaa kavu kwenye mikisa, bila amplifaya wala pedali, na besi ikatoka nyembamba kama mtu anayebisha mlango huku akiogopa mbwa. Owuor akapita karibu akaniuliza, "Jirani, hiyo besi yako imefunga na kuomba?" Watu wakacheka, hata mchungaji. Kisha akapanda yeye, akaitoa pedali mfukoni mwa koti kama anayetoa leso, na alipogusa kamba nene, soda zikatetemeka mezani, na mama yenu, huyu niliyemwoa mimi, akafumba macho. Daktari ameupa ugonjwa wangu jina refu, lakini mimi najua ulianzia Njoro.

Kwa hiyo siku hiyo utapiga wewe, Nasimiyu, na hutapiga kavu. Nenda ukanunue pedali kwa Ketan, yule wa duka la vyombo vya muziki. Atakupa hedifoni, na wewe ukatae, kwa sababu ndani ya hedifoni kila pedali ni tamu, uko peke yako, hakuna ngoma wala gitaa la solo la kukufunika. Mimi nilipokwenda kuzijaribu nilimlazimisha aitoe sauti kwenye spika kubwa, nikamweka Quincy agonge kaunta kama ngoma, mpaka Ketan akasema, "Mzee, unanunua au unafungia harusi hapa?" Nikamwambia bado nachumbia. Ile yenye taa nyingi, iliyokuwa na mngurumo wa simba, Quincy alipoanza kugonga ilipotea kabisa. Mtu akikata sauti ya katikati akaacha ya chini na ya juu tu, anajifurahisha mwenyewe, waombolezaji hawatasikia kitu. Ya katikati uiache ijae.

Uangalie pia kama ina tundu la kebo nene, ile ya maikrofoni, ndiyo inayofika kwenye mikisa bila kukwaruza. Iwe inakubali betri, maana zile adapta za hapa mjini zinavuma kuliko besi yenyewe. Na kama ina sauti ya kukwaruza makusudi, iwe na swichi ya kuigiza spika ya amplifaya, bila hiyo utasikika kama nyuki ndani ya kopo. Na ukikuta iliyo nzuri kuliko zote ni kama ile ya Owuor, iache hapo hapo dukani, chukua inayofuata.

Quincy, nipe maji. Kidogo tu.

Owuor mkalisheni mbele, karibu na spika, imwingie vizuri. Asishike gitaa langu hata kwa kulipangusa vumbi. Nasimiyu, usikimbize mwendo, mimi sitakuwa na haraka. Mungu akupe vidole vyepesi na sikio gumu kwa maneno ya wajomba. Quincy, Mungu akujazie zizi, na akupe moyo wa kumbebea dada yako spika bila kununa. Mpendane. Mama yenu msimwache peke yake jioni, na msimuulize... hii habari ya Njoro msimuulize.

Inueni mto. Hapo.

Yote niliyosema ni kweli. Pedali, soda, mchungaji kucheka. Ila hapo kwa mama yenu... kufumba macho... hapo niliongeza mimi. Hakufumba. Owuor anapiga, ukumbi mzima unamtazama Owuor, na mama yenu alikuwa ananitazama mimi. Mimi tu.

Basi Owuor mpeni wimbo mmoja. Mfupi.