Sahani ya Msimamizi

Kijiwe chetu kiko Bondeni, Nakuru, kando ya duka la viatu, na kahawa ni ya Shamir, ambaye hapendi kelele lakini anakula kwa kelele yetu. Jumamosi hiyo ya Julai 2008 tulikuwa watatu: mimi; Jaji, karani wa korti aliyestaafu na akakataa kukubali; na Disi, anayetoa amri kama mkuu wa wilaya, hata kwa mbuzi. Akatokea Muiruri, tunayemuita Spana, kitabu kwapani. Miaka tisa amekuwa fundi wa mashine Lanet. Sasa kampuni inampeleka stoo yao ya mahindi Rongai awe msimamizi, kuanzia Jumatatu, na wafanyakazi wa huko hawasalimiani tangu fujo za Januari baada ya uchaguzi, zilizogawa makabila. Kusema kweli nilimuonea huruma.

DISI: Spana, hiyo ni kitabu ama ni tofali?

SPANA: Imeandikwa na Pradeep. Yule wa kutengeneza sinema.

JAJI: Si aliacha sinema?

SPANA: Aliacha. Siku hizi anafundisha wakubwa wa makampuni kuongoza watu. Anakaa na mkurugenzi, mlango umefungwa, anamuuliza maswali. Majibu hatoi.

DISI: Na analipwa? Bibi yangu huniuliza maswali bure, tena kutwa!

MIMI: Wacha mchezo, Disi. Huyo mtu ni moto! Nilikuwa kibarua wake huko Kabazi akipiga sinema. Mvua siku nne, watu mia wamelowa, wanataka kwenda nyumbani. Mwingine angetutukana. Yeye alipita kwa kila mmoja, akauliza jina, akauliza nini inakusumbua. Mimi nilimwambia viatu. Kesho yake nikapata gumbuti. Mpaka leo mtu akimsema vibaya, tunakosana.

JAJI: Lakini wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Manaja ameshakauka. Unamkunja na nini?

SPANA: Na swali.

DISI: Swali gani! Mimi najua siri. Anaficha kamera kwa ofisi. Mkubwa akishtukia anapigwa picha, anaanza kujifanya mtu mzuri. Anajifanya mwaka mzima, mwisho anasahau kama alikuwa anajifanya.

JAJI: Napinga! Hakuna kamera. Anachukua waigizaji wake wa zamani, anawavalisha suti, anawakalisha kwa viti. Hao mabosi wote mnaona kwa gazeti ni waigizaji! Wenyewe wako nyumbani wamelala. Ndio maana walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

SHAMIR: Apone nini sasa? Maliza kahawa, mzee.

Tulicheka. Spana hakucheka.

SPANA: Nyinyi mnacheza. Hii kitabu nimesoma mara mbili. Nikikosea wiki ya kwanza, hao watu watashikana mashati, na stoo itafungwa. Mimi naogopa, jameni.

Disi akamuamuru afungue ukurasa wowote, jibu litatoka lenyewe. Kabla hajafungua, mama mmoja akasimama mbele yetu, leso kiunoni, kikapu cha sukuma wiki mkononi.

MAMA: Hamjambo. Nani hapa ni Muiruri?

SPANA: Ni mimi, mathe.

MAMA: Naitwa Cheptanui. Mimi ndio napikia watu pale stoo Rongai. Nimekuja soko, nikaambiwa msimamizi mpya hukaa hapa. Siku hizi wanakula pande mbili, hawa kwa geti, wale nyuma ya stoo. Jumatatu saa saba, sahani yako nipeleke wapi?

Disi akanyakua kitabu, akapekua kurasa mpaka mwisho, akakirudisha. Mimi nikajifanya napuliza kahawa, na ilikuwa imepoa zamani.

Spana akasonga, akampa nafasi kwa benchi.

SPANA: Kaa kwanza, mathe. Wewe mwenyewe hula upande gani?

Mama akakaa, akaweka kikapu chini.

CHEPTANUI: Mimi? Tangu Januari nakula nikiwa nimesimama jikoni. Wewe ndio wa kwanza kuniuliza.