Soksi Kwenye Ekzosi

Soksi ilichomoka kwenye ekzosi kama risasi, ikapita juu ya kichwa cha Kinyozi, ikatua ndani ya kikombe cha kahawa cha rafiki yangu Gundi. Ilikuwa ya kijani, ina tundu kidoleni, na hapakuwa na haja ya kuuliza ni ya nani, maana ya pili nilikuwa nimeivaa. Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemezwa ukuta wa kinyozi. Gundi mshona viatu anakaa upande huu, mama muuza kahawa na birika lake upande ule. Mimi wananiita Pasipoti, kwa sababu siwezi kunywa kahawa bila kusimulia nilivyoinywa kwingine. Nilikuwa nimepanda mashine yangu, pikipiki ya mtumba kutoka ng'ambo, ile ya magurudumu manne ya kupandia milima, yenye ile injini ndogo inayonywa petroli iliyochanganywa na oili na kupiga mayowe kama imeibiwa. Jirani yangu muuguzi, anayekesha hospitali na kulala asubuhi, alikuwa ameapa: nikiiwasha tena ilivyo, anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa ipigwe marufuku. Na bila mashine hiyo, mama yangu aliye kule juu mlimani, kwenye mawe yasiyopitika kwa gari, hashuki kliniki kusafishwa kidonda cha mguu. Siku ya kliniki ndiyo ilikuwa hiyo.

— Pasipoti, akasema Gundi, akiiopoa soksi kwa vidole viwili, kahawa chungu naipenda, lakini si hivi.

— Nilikuwa naziba mlio.

— Umemziba mtu pua, halafu unashangaa kapiga chafya, akasema mama kahawa.

— Soksi moja haitoshi, akasema Kinyozi. Haba na haba hujaza kibaba. Tia nne.

— Itazimika. Mimi nilipokuwa ng'ambo niliona...

— Rudi nyumbani kwanza, mama kahawa akanikata.

Gundi akakung'uta kikombe.

— Dawa ni ngozi. Unaivisha ekzosi buti, unashona, unapiga gundi.

— Si itaungua?

— Kwani buti la zimamoto haliingii motoni?

— Ngozi ya nini, akasema Kinyozi. Refusha bomba. Lipandishe mpaka lipite mapaa, kelele iende kwa ndege huko.

— Ndege nao wana watoto, nikasema.

— Basi endesha kinyumenyume. Kelele inatangulia, wewe unafuata. Ukifika kwa jirani, yenyewe imeshapita.

Hilo, nakiri, nililifikiria kidogo.

— Debe tupu haliachi kuvuma, akasema mama kahawa, akimtazama Kinyozi.

Mara muuguzi akatokea, shuka begani, macho mekundu.

— Dada, samahani sana...

— Kaka, sijaja kugomba. Nimechoka hata kugomba. Nauliza tu: ulipoinunua, ilikuwa inalia hivi?

Benchi zima likaangalia vikombe.

— Haikuwa, nikasema.

— Sasa uligusa nini?

— Sikugusa. Niliifungua sailensa tu kuisafisha. Nikatoa kiota cha panya.

— Kiota gani?

— Manyoya manyoya. Meusi, yamelowa oili, yamezunguka kibomba chenye vitundu. Yamepangwa vizuri, hata nikamwonea huruma panya mwenyewe.

Gundi akaweka kikombe chini taratibu.

— Panya gani anajenga ndani ya moto, Pasipoti?

— Nilidhani panya wa ng'ambo.

— Hiyo ilikuwa sufi ya kumeza kelele, ndugu yangu. Umemtoa mtu mapafu, unamdai asikohoe.

— Si nilisema debe tupu, akasema mama kahawa, kana kwamba alikuwa amemaanisha hilo.

Kinyozi akakimbia kwa fundi majiko wa mtaa wa pili, akarudi na sufi ya kioo, ile isiyoungua inayowekwa kwenye kuta za oveni. Tukaizungusha pale alipokuwa amelala panya wangu, Gundi akaifunga kwa waya kama anashona kiatu cha bwana harusi. Nikawasha. Mashine ikanguruma chini chini, kama mzee anayelalamika usingizini. Muuguzi akatega sikio, akapiga mwayo, akaenda zake bila kuaga. Sijawahi kufurahia mwayo wa mtu namna ile.

Niliporudi kutoka mlimani, mama yangu alikuwa nyuma yangu, amenuna, kilemba kimefungwa upande.

— Shikamoo, mama, benchi likasema.

— Marahaba. Huyu kanivamia kama mwizi. Siku zote nikisikia makelele yake kule bondeni, ndiyo navaa viatu. Leo namwona mlangoni, nina kandambili moja.

Kinyozi akapata kazi upya.

— Tumfunge kengele, mama. Au makopo nyuma. Au tupunguze sufi kidogo. Maana sasa utajuaje kama anakuja?

Mama akamtazama, akanitazama mimi, akajiweka sawa kitini.

— Ana mdomo. Aniite.