Uyoga wa Limbuko

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Marwan, zima hiyo simu au itoe nje. Buthaina, kaa huku, upande wa jicho langu linaloona. Na wewe Luqmani, mwite mkeo aache masufuria aje aketi ndani pamoja nasi, maana tangu msiba uanze namwona anakaa kizingitini kama mtu aliyekuja kuazima ungo. Nasra, ingia. Karibu na miguu yangu, hapo.

Nataka kusema leo wakati akili ingali yangu, kwa sababu mke mwenzangu Shamsiya alipotewa na maneno kabla hajapotea mwenyewe, na mimi namfuata hatua kwa hatua katika maradhi haya. Tulitapika pamoja, tukalazwa pamoja, tukapata nafuu pamoja, tukarudishwa hapa Chumbageni tukicheka kwamba Izraili kakosea nyumba. Kisha macho yake yakawa manjano, na yangu mnayaona. Daktari hakunizungusha. Aliniambia, bibi, ini limekwisha, waite watoto. Nimewaita. Wa tumbo langu ni Luqmani peke yake, lakini nyinyi wawili wa Shamsiya nimewalea kwa mkono huu, na mmeniita mama mdogo tangu mlipojua kusema.

Kwanza mali, ili msikae mkiisubiri mkashindwa kusikia mengine. Nyumba hii ni ya baba yenu Harub, Mungu amrehemu, na sheria inaijua njia yake. Mwiteni shekhe wa msikiti wetu agawe, na atakavyogawa mkubali. Changu mimi ni kile kipande cha shamba la Pongwe nilichopewa mahari. Luqmani atakirithi kwa sheria, simwongezei wala simpunguzii. Theluthi ninayoruhusiwa kuiusia nitaitaja baadaye.

Sasa lililonifanya niwaite. Nasra anaambiwa ametuua.

Usitikise kichwa, Buthaina. Ukuta huu ni wa udongo, na kilichoharibika ni ini langu, masikio yapo. Nilikusikia ukiwaambia wanawake waliokuja kuhani: kapika yeye, kapakua yeye, na ulimi wake haukugusa sufuria. Nikawasikia wakiguna. Na jana nimesikia neno polisi, na nikasikia Luqmani anashauriwa aandike talaka kabla mambo hayajawa makubwa, na mwanangu niliyemzaa hakujibu kitu. Kwa hiyo nisikilizeni mimi niliyekula. Mwingine aliyekula mmekwisha kumzika.

Nasra hakuonja, ni kweli. Nani alimkataza? Uyoga ule ulikuwa limbuko, wa kwanza kwa masika haya, na katika nyumba hii limbuko hawaligusi vijana mpaka wakubwa wamekula. Nyote mmekua hivyo. Wewe Marwan uliwahi kuchapwa kwa kuchovya kidole. Nasra alisimama pale jikoni na mwiko mkononi, akauliza, "Mama mkubwa, chumvi nionje?" Shamsiya akamjibu, "Acha pupa, bibi harusi. Chumvi tutaijua sisi wenye meno matatu." Mama yako ndiye aliyemzuia, Buthaina. Angemruhusu, tungekuwa tumezika watu wawili na tunangoja wa tatu.

Ngojeni nivute pumzi.

Mnajua nyote kwamba mimi na Shamsiya hatukuanza vizuri. Yeye alitoka katika nyumba za maduka na mashamba ya mnazi, mimi nimetoka Tongoni kwa mvuvi, na Harub aliponileta hapa kama mke wa pili kila mmoja wetu alikaa na jiko lake na ulimi wake. Miaka ikapita hivyo. Halafu masika moja barabara ya Pongwe ikakatika tukiwa shambani, hakuna samaki wala nyama, na nyinyi mnalia njaa. Nikachuma mboga za mchunga na mnavu kando ya mfereji, kisha nikaenda kwenye kile kichuguu nyuma ya mkwaju alichonionyesha mama mkwe, nikarudi na uyoga kanga nzima. Nikaupika kwa tui, nikasonga bada la muhogo. Shamsiya akaja mlangoni pa jiko langu. "Hayo ndiyo madude yenu ya porini?" Nikamwambia, "Ndiyo. Kula. Ukifa nitalea wanao." Akaketi, akala, akaifuta sahani kwa kidole. Akasema, "Nikifa kwa haya nitarudi kukufuata, usidhani utabaki na sinia peke yako."

Nacheka nini? Amerudi kunifuata, ndicho ninachocheka.

Tangu siku ile kila limbuko tulikula sinia moja. Ugomvi wetu ulikwisha pale, si kwa kikao wala kwa shekhe. Ndiyo maana mwaka huu, ingawa kwa miaka kadhaa miguu yetu ilikuwa imekataa kwenda Pongwe, tulimtuma Nasra. Ni mgeni katika nyumba hii, masika yake ya kwanza. Tukamwelekeza sisi wenyewe: pita kisima, nenda nyuma ya mkwaju, utaona kichuguu, uyoga uko hapo, na chukua kisu, usiung'oe.

Hilo la kisu ndilo nataka mlisikie sawasawa. Babu yenu, baba yake Harub, alikuwa na amri: uyoga wa kichuguu haung'olewi, hukatwa usawa wa udongo. Alisema una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye vyumba vya mchwa, na ukiuvuta umefungua mlango, siafu wataingia, mchwa watahama, na mwaka unaofuata hutapata kitu. Tukaifuata amri hiyo, sisi na wakwe zetu kabla yetu, na kichuguu kikatulisha miaka yote. Lakini matokeo yake ni kwamba hapa ndani hakuna mtu aliyewahi kuuona uyoga chini ulivyo. Hatukuujua kwa sura, tuliujua kwa mahali. Daktari aliponiuliza, "Bibi, chini ya shina palikuwa na kitu kama kimfuko?" nilimwambia sijui, naye akasema uyoga ule wa sumu huwa nacho. Nimekula uyoga maisha yangu yote na chini ya shina sijawahi kupaona.

Na dalili zilikuwapo. Kila mwaka mambo huja kwa mpango: ndege dudumizi analia kichakani, mvua inashuka, kumbikumbi wanatoka kichuguuni kama moshi, kunguru na tetere wanashuka kuwaokota, watoto wanakimbilia na mabeseni, na baada ya hapo ndipo uyoga unachomoza. Mwaka huu dudumizi alilia hata huku mjini nikamsikia. Mvua ikanyesha. Kumbikumbi je? Hakuna aliyeniletea hata kikombe, na sikuuliza. Ningeuliza, ningejua kwamba pale chini hakuna mchwa tena, na pasipo mchwa uyoga wetu hauwezi kuwapo.

Nasra aliporudi hakutuficha. Aliweka kapu chini akasema, naye yupo hapa mtazameni, "Mama, kichuguu sikukiona. Nimeona mivinje, na chini yake uyoga mweupe mwingi, palepale nyuma ya mkwaju mlipopasema." Mnajua tulimjibu nini? Shamsiya alisema, "Kichuguu kimezeeka kama Mwanamkasi huyu, kimeinama." Nami nikasema, "Bora kilichoinama kuliko kilichovimba kama wewe." Tukacheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Akauliza tena, "Kwa hiyo nipike?" Tukamwambia pika, tuna njaa.

Mtu anayetaka kuua haulizi mara mbili.

Marwan, inua uso.

Najua kichuguu kiko wapi. Kimo katika kuta za nyumba za watu, kwa sababu uliwauzia wafyatua matofali ule udongo, na shimo ukalifukia, na juu yake ukapanda mivinje upate nguzo za kuuza. Sikutajii ili unipinge. Shamba tulikuachia sisi wenyewe ulitunze, na ulifanya anachofanya mtunza shamba. Kwako ilikuwa ni tuta la udongo linalozuia trekta. Hakuna aliyekuambia kwamba pale ndipo pa limbuko, kwa kuwa uyoga ulikuwa kazi ya wanawake na wewe ulikuta umekwisha kupikwa. Huo uyoga mwingine sijui kama ulikuja na miche au ulikuwapo siku zote ukingoja nafasi. Sitasema nisilolijua.

Buthaina, ukimaliza kumtazama kaka yako hivyo, nitazame mimi. Sikuitoa lawama kwa Nasra ili mkaipeleke kwa Marwan. Nimewaambia yaliyotokea. Kila mtu katika nyumba hii alifanya alichofundishwa, na watu wawili wamekufa, mimi nikiwamo. Kama mnatafuta wa kumpeleka polisi, nendeni makaburini mkamchukue babu yenu na kisu chake.

Maji bado. Nitasema nikitaka.

Kesho asubuhi, nikiwa nipo au sipo, Buthaina na Nasra mwende Pongwe pamoja. Nyinyi wawili tu. Nendeni palipokuwa kichuguu, na safari hii msikate. Chimbeni kwa kijiti, mng'oe mmoja mzima. Mkikuta mzizi mrefu kama mkia wa panya, basi mimi nimesema uongo na mfanye mnavyotaka. Mkikuta kimfuko cheupe, kama yai lililopasuka, mtakuwa mmeona kilichotuua. Mkimaliza muung'oe wote, mfukie chini sana, mbuzi wasiupate, na mnawe mikono kabla hamjashika mtoto yeyote.

Luqmani. Jana ulikula wapi? Usiniambie hukuwa na njaa. Umeingia hapa unanukia pilipili ya hotelini, na juzi pia, na mkeo amerudisha sahani yako jikoni ikiwa na kawa juu yake. Nimeisikia ile sahani ikirudi. Huhitaji kuandika talaka, baba, umekwisha kuisema kwa tumbo, na kila jirani wa Chumbageni ameisoma. Usiku wa leo utakula alichopika Nasra, na utakula uani, watu wakikuona.

Nasra, nawe usinilaumu kwa hili. Hiyo theluthi nilikuwa na nia ya kukupa wewe, kwa kuwa wewe si mrithi wangu na sheria inaruhusu, na umenikogesha wakati siwezi kuinuka. Sikupi. Nikikupa hata shina moja la mnazi watasema ndiyo maana. Sikupi shamba, sikupi kanga, bangili zangu zitakwenda kwingine. Utatoka katika kifo changu bila kitu, na hicho ndicho ninachokuachia.

Theluthi hiyo iwe wakfu. Ni upande wa mkwaju, kuanzia kisima hadi palipokuwa kichuguu. Marwan, kata mivinje yote, ng'oa na visiki, halafu mtu asilime tena, asichimbe, asichome moto. Paachwe. Ukoka utaota, mchunga utaota, mvumbasi na upupu pia, mtaona pachafu na majirani watawasema. Waacheni waseme. Mtu yeyote mwenye njaa aje achume mchunga wake bila kuuliza. Mchwa wakitaka watarudi. Mimi na Shamsiya hatutakuwapo, lakini siku mtakapowaona kumbikumbi wanatoka pale, muwaeleze watoto wenu yote mawili: mahali, na sura yake mpaka chini.

Kuniosha... wanioshe Buthaina na Nasra. Nimesema hao wawili. Mmoja amimine, mwingine apitishe mkono, na mbadilishane. Asiingie mwingine. Nizikwe ubavuni kwa mwenzangu, alikuwa anaogopa kulala peke yake ingawa hakukubali kusema.

Midomo imekauka.

Nipeni maji. Si wewe, Buthaina. Najua siku hizi zote umekuwa ukimpokonya kikombe kabla hajanifikia. Leo umwache. Nasra, chota mtungini, uje. Wewe sogeza kikombe, nami nisogeze kidevu, tutakutana katikati. Bismillahi...

Baridi. Mazuri.

Mmeona. Nimekunywa mkononi mwake. Yamebaki nusu, nasikia uzito wake. Sasa mpe Luqmani.

Kunywa, baba. Si kuchovya mdomo. Kunywa.

Haya. Mpe Buthaina.

Macho yangu hayaoni tena vizuri, mwanangu, lakini nilikuambia masikio... masikio yapo. Siwezi kungoja sana. Sikulazimishi. Mama yako alikula chakula changu cha kwanza akiwa ananichukia... alikula. Kunywa, Buthaina.

...

Hilo koo nimelisikia.

Basi. Radhi zangu ziwe juu yenu... wewe Marwan... na wewe mwanangu Buthaina... Luqmani... na huyu aliyeshika kikombe. Wote wanne, kwa kipimo kimoja. Mungu awape... awape kula pamoja.

Kiondoeni kikombe. Nigeuzeni kibla... polepole.